Chagas: Jinsi vipande vya kimelea vinavyofichua ugonjwa usioonekana

UGONJWA wa Chagas, unaowaathiri mamilioni ya watu katika mataifa ya Amerika Kusini na Amerika ya Kati, una tabia ya kujificha. Mtu huweza kuambukizwa utotoni, akapata homa ya siku chache ambayo wazazi wake hawaitilii maanani, kisha akaishi miaka 20 au 30 akilima na kulea watoto bila dalili yoyote. Siku anapoanza kuishiwa na pumzi akipanda mlima mdogo aliouzoea, moyo wake huwa umekwisha kupanuka na kudhoofika.

Katika kipindi hicho kirefu, vimelea vinavyosababisha maradhi haya huwa haba mno katika damu, hivi kwamba mtaalamu wa maabara anaweza kuchunguza tone baada ya tone kwa hadubini asikione hata kimoja. Kwa sababu hiyo, uchunguzi wa Chagas katika hatua hii hautegemei kumwona adui mwenyewe. Hutegemea kumbukumbu ambayo mwili umeiweka kumhusu, na chombo cha kuisomea kumbukumbu hiyo ni vipande vya kimelea chenyewe, ambavyo wanasayansi huviita antijeni.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba zaidi ya watu milioni 7 wameambukizwa, na kwamba zaidi ya 10,000 hufariki kila mwaka. Wengi wao hawajawahi kupimwa. Miongoni mwa wale ambao wamekaa na maambukizi kwa muda mrefu, hadi thuluthi moja hupata matatizo ya moyo, na mmoja kati ya kumi hupata matatizo ya umio, utumbo mpana au neva.

Ndugu wa malale

Kimelea cha Chagas huitwa Trypanosoma cruzi. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki jina hilo si geni kabisa, kwani nduguye, Trypanosoma brucei, ndiye aletaye malale, maradhi yaliyoangamiza maelfu ya watu kandokando ya Ziwa Victoria mwanzoni mwa karne ya 20.

Hata hivyo, ndugu hawa wawili wana mienendo tofauti. Mbung'o huingiza vimelea vya malale kupitia mate yake anapouma. Vimelea vya Chagas, kwa upande wao, huenezwa na kunguni wakubwa wanaojificha katika nyufa za kuta za udongo na katika mapaa ya nyasi. Usiku kunguni hao hutoka, humfyonza damu aliyelala, mara nyingi usoni, na papo hapo hutoa kinyesi. Aliyeumwa anapojikuna, kinyesi hicho chenye vimelea huingia kwenye kidonda au jichoni. Wabrazili humwita mdudu huyo barbeiro, yaani kinyozi, kwa vile hupenda kushughulika na uso wa mtu.

Vimelea pia hupita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto tumboni, kupitia damu au viungo vinavyotolewa na mtu aliyeambukizwa, na kupitia vyakula na vinywaji vilivyochafuliwa, kama vile maji ya miwa na ya matunda ya acai. Barani Afrika ugonjwa huu hauenezwi na wadudu. Lakini watu husafiri, na mhamiaji kutoka Bolivia anayeishi Uhispania au Marekani hubeba maambukizi yake bila kujua.

Aliyeugundua ugonjwa huu ni daktari Mbrazili, Carlos Chagas, ambaye alikuwa ametumwa katika mji mdogo wa Lassance, jimbo la Minas Gerais, kupambana na malaria miongoni mwa wajenzi wa reli. Mpangilio wa ugunduzi wake ulikuwa kinyume cha desturi ya tiba. Kwanza alikutana na mdudu, ndani ya mdudu akakuta kimelea, na mwishowe ndipo akamtafuta mgonjwa. Kimelea hicho alikiita cruzi kwa heshima ya mwalimu wake, Oswaldo Cruz. Tarehe 14 Aprili 1909 alikipata kwenye damu ya mtoto msichana wa umri wa miaka miwili aliyekuwa na homa.

Msichana huyo alipona homa ile na kuishi zaidi ya miaka 70. Mwaka wa 1962, na tena mwaka wa 1978, watafiti walifaulu kutoa vimelea kutoka katika damu yake. Vilikuwa vimekaa naye maisha yake yote.

Chagas aliweza kuviona vimelea kwa hadubini kwa sababu maambukizi ya mtoto yule yalikuwa mapya. Katika miezi miwili ya kwanza hivi, vimelea huogelea kwa wingi katika damu. Baadaye kinga ya mwili huvisukuma viingie ndani ya misuli ya moyo na ya utumbo, na damu hubaki kama iliyo safi.

Kunguni kama kifaa cha maabara

Mnamo 1914, Mfaransa Émile Brumpt alipendekeza njia ambayo leo ingewashangaza wengi. Kunguni waliolelewa katika maabara, wasio na vimelea, waliwekwa ndani ya kikebe kilichofunikwa kwa kitambaa chepesi, kisha kikebe kikaegemezwa kwenye mkono wa mgonjwa ili wadudu wanywe damu yake. Baada ya wiki kadhaa kinyesi chao kilichunguzwa. Kama damu ile ilikuwa na vimelea japo vichache, vingekuwa vimezaana ndani ya matumbo ya wadudu hao na kuonekana kwa urahisi.

Njia hiyo ilitumika kwa miongo mingi, na si vigumu kufahamu kwa nini wagonjwa hawakuipenda. Isitoshe, katika maambukizi ya zamani iliwakosa wagonjwa wengi.

Mwaka mmoja kabla ya Brumpt, Wabrazili wawili, Cesar Guerreiro na Astrogildo Machado, walikuwa wameonyesha njia nyingine. Walichukua viungo vya watoto wa mbwa walioambukizwa, wakavisaga na kutoa maji yake, kisha wakayachanganya na seramu ya mgonjwa, yaani maji ya damu yanayobaki baada ya damu kuganda. Seramu ya aliyeambukizwa ilitoa matokeo tofauti na ya mtu mzima wa afya. Kanuni yake ilikuwa ile ile iliyotumika wakati huo kupima kaswende. Kipimo cha Machado na Guerreiro cha mwaka wa 1913 ndicho babu wa vipimo vyote vya antijeni vya Chagas vilivyofuata.

Chambo na samaki

Hapa inafaa kufafanua jambo ambalo huwachanganya watu wengi. Antijeni ni kitu chochote, hasa protini, ambacho mwili hukitambua kuwa cha mgeni. Kingamwili ni silaha ambazo mwili hutengeneza kumkabili mgeni huyo, na kila kingamwili huundwa ili ishikamane na antijeni yake, kama ufunguo na kufuli.

Kipimo cha haraka cha malaria kinachotumiwa katika zahanati nyingi nchini Kenya hutafuta antijeni yenyewe. Hunasa protini iitwayo HRP2 ambayo kimelea cha malaria hukitoa katika damu, kwa hivyo jibu lake humaanisha kwamba kimelea kipo au kilikuwapo wiki chache zilizopita. Kipimo cha kawaida cha Chagas hufanya kinyume. Antijeni huwa tayari imewekwa na mtengenezaji ndani ya kipimo kama chambo, na kinachotafutwa katika damu ya mgonjwa ni kingamwili.

Katika njia iitwayo ELISA, iliyobuniwa mwaka wa 1971, antijeni hugandishwa kwenye vishimo vya sahani ya plastiki. Seramu ya mgonjwa humiminwa humo. Ikiwa ina kingamwili dhidi ya Trypanosoma cruzi, kingamwili hizo hunata, na vyote visivyonata huoshwa. Kisha huongezwa kingamwili nyingine iliyofungwa kimeng'enya, ambayo hushika kingamwili za binadamu, na mwishowe dawa inayobadilika rangi inapokutana na kimeng'enya hicho. Kishimo kikigeuka rangi, mgonjwa amewahi kukutana na kimelea. Mashine hupima ukolezi wa rangi na kutoa nambari, ili jibu lisitegemee macho ya mtu.

Yote haya ni mepesi kueleza. Ugumu umo katika swali moja: ni chambo gani kiwekwe kishimoni?

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa kukiweka kimelea kizima kilichopondwapondwa. Vimelea hukuzwa ndani ya chupa za maabara, vikakusanywa na kupasuliwa, na mchanganyiko wa protini zote zilizomo ukawa antijeni. Faida ya mchanganyiko huo ni kwamba chambo ni vingi, na mgonjwa ambaye kingamwili zake hazishiki protini moja hushika nyingine.

Lakini kuna kasoro mbili. Kwanza, umbo la kimelea linalostawi katika chupa ni lile linaloishi ndani ya tumbo la kunguni. Ndani ya binadamu kimelea huwa na maumbo mengine mawili, moja la kuogelea katika damu na jingine la mviringo linalozaana ndani ya seli, na protini zake nyingine hazipatikani chupani.

Pili, protini nyingi za kimelea hiki zinafanana na za jamaa zake. Mtu mwenye maradhi ya leishmania huweza kuonekana ana Chagas ilhali hana, na maradhi hayo mawili hupatikana katika vijiji vile vile vya Brazil na Bolivia. Kaskazini mwa Amerika Kusini yupo pia Trypanosoma rangeli, ambaye hubebwa na kunguni wale wale na hamdhuru binadamu, lakini huacha kingamwili zinazovuruga jibu.

Kosa la namna hiyo halikuwa dogo kwa mtu aliyepimwa. Katika baadhi ya nchi, waajiri waliwapima watu waliotafuta kazi na kuwakataa walioonekana wameambukizwa. Argentina ilipiga marufuku vipimo hivyo kwa wanaoomba kazi kupitia sheria nambari 26.281 ya mwaka wa 2007.

Bakteria watengenezao chambo

Suluhisho lilianza kupatikana katika miaka ya 1980. Badala ya kukuza kimelea kizima, wanasayansi walichukua jeni moja moja za Trypanosoma cruzi, wakazipachika ndani ya bakteria, na bakteria hao wakatengeneza protini moja tu waliyoamriwa. Protini hizo zilijaribiwa kwa seramu za wagonjwa ili kujua ni zipi ambazo kingamwili huzishika kwa nguvu.

Jambo la kupendeza lilijitokeza. Nyingi za antijeni bora zilikuwa protini zenye kipande kifupi kinachojirudiarudia, kama kibwagizo katika wimbo. Kinga ya mwili huelekea kuvilenga sana vibwagizo hivyo. Baadhi ya wataalamu huamini kwamba kimelea hufaidika kwa hilo, kwa kuwa kinga hupoteza nguvu zake kwenye kibwagizo na kuiacha sehemu muhimu ya protini ikifanya kazi yake.

Mojawapo ya antijeni hizo, iitwayo SAPA, ilifafanuliwa na watafiti wa Argentina. Ni mkia wenye vibwagizo wa kimeng'enya ambacho kimelea hukimwaga katika damu wakati wa maambukizi mapya. Kingamwili dhidi yake hutokea mapema kuliko nyingine nyingi, na ndiyo maana SAPA huthaminiwa katika kuchunguza watu walioambukizwa karibuni pamoja na watoto wachanga. Antijeni nyingine hutambuliwa vyema zaidi na damu ya wagonjwa wa muda mrefu.

Hakuna antijeni moja iliyowanasa wagonjwa wote. Kwa hivyo watengenezaji walianza kuunganisha vipande kadhaa, hata kuunda protini za mseto ambazo hazipo popote katika maumbile. Taasisi ya Fiocruz ya Brazil iliunda nne za aina hiyo, zinazojulikana kama IBMP-8.1 hadi IBMP-8.4, kila moja ikiwa imeshonwa kutokana na vibwagizo vya protini tofauti.

Antijeni za aina hii ndizo zilizowezesha vipimo vya haraka. Tone la damu ya kidoleni huwekwa kwenye kijikanda, na katika muda usiozidi nusu saa mstari hutokea au hautokei. Umeme hauhitajiki, wala jokofu. Kwa mwanakijiji wa nyanda za Chaco nchini Bolivia, ambaye hospitali yenye maabara iko mbali naye, tofauti ya kipimo hiki na ELISA ni tofauti ya kupimwa na kutopimwa.

Hata hivyo, WHO haikubali jibu la kipimo kimoja. Mgonjwa wa muda mrefu hutangazwa kuwa ameambukizwa pale vipimo viwili vinavyotumia antijeni au kanuni tofauti vinapokubaliana. Vikitofautiana, hufanywa cha tatu. Utaratibu huu unashabihiana na ule wa virusi vya Ukimwi, ambapo jibu la kipimo cha kwanza huthibitishwa kwa kingine.

Chambo cha Bolivia, samaki wa Peru

Mnamo 2009 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowashtua waliodhani kazi imekwisha. Kipimo kimoja cha haraka chenye antijeni zilizotengenezwa na bakteria kilijaribiwa Bolivia, na huko kikawatambua takriban wagonjwa tisa kati ya kumi. Kipimo hicho hicho kilipopelekwa Arequipa, kusini mwa Peru, nchi jirani, hakikuwatambua hata nusu ya watu walioambukizwa.

Sababu yake ni kwamba Trypanosoma cruzi si kimelea cha namna moja. Wataalamu wamekigawa katika koo sita kuu, TcI hadi TcVI, na nyingine moja inayohusishwa na popo. Ukoo wa TcI umeenea Mexico na Amerika ya Kati, ilhali TcII, TcV na TcVI hupatikana sana kusini. Antijeni nyingi zilizomo katika vipimo vya sokoni zilitokana na vimelea vya kusini. Watu wenyewe pia hutofautiana katika kiasi cha kingamwili wanachotengeneza. Mgonjwa wa Mexico basi huweza kuambiwa hana ugonjwa kwa sababu tu kimelea chake hakikuwa kile kilichomo maabarani wakati kipimo kilipobuniwa.

Kenya imewahi kukutana na tatizo la aina hii katika ugonjwa wa kalaaza unaosumbua Baringo, Pokot Magharibi na Turkana. Kipimo cha haraka cha kalaaza hutumia antijeni iitwayo rK39, ambayo jeni yake ilitolewa katika kimelea cha Brazil. Nchini India na mataifa jirani, kipimo hicho huwatambua karibu wagonjwa 97 kati ya 100. Afrika Mashariki huwatambua takriban 85. Wale 15 wanaosalia si nambari ndogo, kwani kalaaza isiyotibiwa huua.

Damu ya kuchangia na mtoto mchanga

Katika benki za damu, hesabu ni tofauti. Hapo kosa la kumkataa mchangiaji asiye na ugonjwa ni afadhali kuliko kosa la kupitisha damu yenye vimelea, kwa hivyo vipimo vyenye chambo vingi hupendelewa. Marekani iliidhinisha kipimo chake cha kwanza cha kuchunguza damu ya wachangiaji mnamo Desemba 2006, kikiwa ELISA yenye kimelea kilichopondwa, na uchunguzi ukaanza mapema mwaka wa 2007. Mataifa ya Amerika Kusini yalikuwa yametangulia kwa miaka mingi.

Kwa mtoto mchanga njia hii yote hukwama. Kingamwili za mama hupita kwenye kondo la nyuma na kuingia katika damu ya mtoto, na hudumu humo kwa miezi. Mtoto wa mama aliyeambukizwa ataonekana ameambukizwa, hata kama hakuguswa na kimelea. Madaktari hulazimika kutafuta vimelea vyenyewe kwa hadubini katika damu ya mtoto anapozaliwa, na wasipoviona humsubiri afikishe umri wa miezi minane au zaidi ndipo apimwe kingamwili. Akina mama wengi hawarudi. Wengine huwa wamehama, wengine hawana nauli.

Hasara ya kutorudi huko ni kubwa, kwa kuwa mtoto anayetibiwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja hupona karibu kila mara. Mwanamke anayetibiwa kabla ya kushika mimba naye huwakinga watoto atakaowazaa. Kwa mgonjwa aliyechelewa mambo ni tofauti: utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka wa 2015, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 2,800 ambao mioyo yao ilikuwa tayari imeathirika, ulionyesha kwamba dawa ya benznidazole ilipunguza vimelea lakini haikuzuia kwa kiwango cha kuridhisha kuzorota kwa moyo.

Kutokana na hali hiyo, baadhi ya watafiti wanajaribu kurejea katika kanuni ya kipimo cha malaria, yaani kuitafuta antijeni ya kimelea badala ya kingamwili. Mnamo 2014 walieleza kipimo cha mkojo ambacho hutumia chembe ndogo mno kunyonya na kukusanya antijeni za Trypanosoma cruzi, ambazo kwa kawaida huwa chache kiasi cha kutoonekana. Mkojo wa mtoto hupatikana bila sindano, na antijeni humaanisha kwamba kimelea kipo ndani yake mwenyewe, si ndani ya mamake. Njia hii haijachukua nafasi ya hadubini katika wodi za kawaida za kujifungulia.

Tatizo jingine humsubiri mgonjwa baada ya matibabu. Dawa humezwa kwa siku 60, mara nyingi zikiandamana na vipele na kuwashwa, na mwisho wake mgonjwa hutaka kujua kama amepona. Kingamwili haziwezi kumjibu upesi. Kwa mtu mzima aliyeambukizwa zamani hudumu miaka 10 au zaidi, hata kama kimelea kimekwisha kufa, na kila kipimo anachopimwa huendelea kumtaja kuwa mgonjwa. Watafiti wanatafuta antijeni ambazo kingamwili zake hufifia mapema, na baadhi zimeleta matumaini, lakini hakuna iliyokubaliwa kila mahali.

Kwa sasa madaktari hutumia PCR, kipimo kinachotafuta jeni za kimelea katika damu. Kikionyesha kwamba kimelea kipo, dawa imeshindwa. Kisipokiona, huenda kimekufa au kimejificha katika misuli ya moyo kama kawaida yake, na mgonjwa huambiwa arudi kupimwa tena.